Kisu cha mzee kilichogoma kufunguka

Msimu wa korosho uliopita tupo shamba huku nyuma ya Mikindani na mama tunaokota, nikatoa kisu cha mzee mfukoni nikate kamba ya kiroba, hakifunguki. Navuta na ukucha wapi, ukucha ukakaribia kung'oka. Shemeji akasema lete plaizi tukivute hicho, nikamwambia shem hapana, hiki hakiguswi na plaizi.

Ni kisu cha kukunja cha Opinel, saizi namba 8, mzee alipewa na mgeni mmoja Mfaransa aliyekuja kupiga mbizi, akakaa nacho mpaka umauti unamkuta. Hivi visu vilianza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, milimani Ufaransa, na ile pete ya kukizuia kisijifunge kikakukata vidole ikaongezwa 1955. Mpini wote ni mti. Na hapo ndo ugonjwa ulipo, mi mwanzo nilidhani ni kutu, kumbe bapa halina shida kubwa, ni mti umekunywa maji ukavimba ukalibana bapa pande zote mbili. Fikiria mti wa milimani unaletwa kwetu huku, upepo wa bahari usiku na mchana, mzee anatoka nacho kwenye pweza anakirudisha mfukoni kibichi vilevile.

Kukifungua bila kukiumiza kuna njia Wafaransa wenyewe wanatumia, unaizungusha pete mpaka uwazi wake ukae sawa na mfereji wa bapa, vidole unaviweka mbali, halafu unagonga kitako cha mpini kwenye meza ngumu. Nikagonga mara ya tatu hivi ncha ikachungulia, nikaimalizia kuivuta taratibu.

Ndani sasa! Kwanza maji ya mabibo yamegandia pale kwenye pini, kile kichuma kinachoshikilia bapa kwenye mpini, bapa limekuwa jeusi tii maana hiki kimeandikwa Carbone, sio kile cha inox kisichoshika kutu, na maji ya bibo kwenye chuma cha aina hii hayana huruma. Pili kuna utomvu wa rangi ya asali unanata kama gundi, nikauliza nyumbani, kumbe mdogo wangu alikipaka mafuta ya alizeti kipindi kile kilipoanza ugumu. Jamani mafuta ya alizeti msiweke kwenye kisu cha kukunja, yakikaa na hewa yanageuka gundi, leo kinalainika, baada ya mwezi mmoja miwili kimekaza kuliko mwanzo.

Nikakiacha wazi juu ya kabati siku nne kikauke, kivulini, maana jua kali linapasua mpini. Baada ya hapo mswaki mkavu, pamba za masikio na mafuta ya taa kidogo sana pale kwenye pini, nafungua nafunga nafuta, uchafu mweusi unatoka tu, nilirudia mpaka pamba ikatoka safi. Kutu kidogo iliyokuwepo kwenye bapa niliisugua na steel wire ya jikoni ikaisha.

Bado kikawa kizito. Nikamulika tochi ya simu ndani ya mfereji, upande wa kulia karibu na pete nikaona kialama cheusi kinang'aa, kama ukubwa wa punje ya mchele, pale ndo bapa linakwaruza mti. Nikakunja msasa laini kwenye kipande cha boksi nikausugua hapo tu, kidogo kidogo, najaribu, narudia, kwa sababu ukitoa mti mwingi bapa litaanza kucheza na hapo huna pa kurudi. Dakika ishirini labda.

Mwisho nikapaka mafuta ya mgando, yale yale ya kupaka mwilini, nikayasukumia na kijiti kwenye kiungo na kuta za mfereji, nikakiweka karibu na jiko la mkaa, karibu nasema sio juu, mpaka yakayeyuka yakanywewa na mti. Mti ukishashiba mafuta maji hayaingii kirahisi. Kwenye pini nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani.

Juzi mama kakichukua amenye machungwa, kakifungua kwa mkono mmoja, akakitazama weee, akasema "baba yako alikuwa anakifungua hivi hivi".