Siku moja maktabani: kumchagulia kitabu kijana anayesoma kwa shida

Saa 1:30 asubuhi. Vitabu vipya viko mezani na vinachujwa kabla ya kupanda rafuni. Kila kimoja tunakifungua katikati, kwa sababu mwanzo wa kitabu huweza kuwa mwepesi na ugumu ukaja baadaye. Herufi ziwe za pointi 12 hadi 14, mistari iachiane vizuri, na ukingo wa kulia usinyooshwe. Maneno yakivutwa ili yajaze mstari, mianya kati yake hupishana na jicho hupotea. Karatasi nyembamba inayoonyesha maandishi ya upande wa pili tunaikataa. Sura za kurasa 3 hadi 5 zinafaa sana, maana kijana anafika mwisho wa sura kabla hajachoka.

Kisha tunasoma sentensi zenyewe. Ufupi peke yake haufanyi sentensi iwe rahisi. Mwandishi akiondoa "kwa sababu", "ingawa" na "ndipo" ili kufupisha, msomaji analazimika kuunganisha matukio mwenyewe, na hapo anakwama. Tunaangalia pia vitenzi virefu. Neno kama "wasingetukaribisha" limebeba mtenda, ukanushi, sharti na mtendwa kwa pamoja. Yakiwa matano katika aya moja, aya hiyo ni nzito hata kama msamiati wake ni wa kila siku.

Saa 3:00. Majalada. Mtoto wa miaka 13 anayesoma kwa kiwango cha miaka 8 bado anafikiri kama wa miaka 13. Ukimpa hadithi ya sungura na karoti atakificha kitabu begini, na ana haki. Mhusika mkuu awe rika lake au amzidi mwaka mmoja au miwili. Vibandiko vya kiwango cha usomaji tunavibandua mgongoni mwa kitabu. Alama yetu ni ya penseli, ndani ya jalada la nyuma. Hakuna anayestahili kubeba udhaifu wake mkononi mbele ya darasa zima.

Saa 4:15. Wanafunzi wanaanza kuja. Swali la "unapenda vitabu gani?" halisaidii, kwani jibu ni "sipendi". Tunauliza anachotazama akiwa huru, na anachokijua kuliko wenzake. Anayeujua mpira atasoma "kuotea" na "mpira wa adhabu" bila kusita, hata matini ikiwa ngumu kidogo, kwa sababu anajua kinachokuja. Anachukua vitabu vitatu, kikiwemo cha maarifa au cha katuni. Katuni si kitabu cha huruma. Inadai kufuata mazungumzo, picha na mpangilio kwa wakati mmoja.

Halafu faraghani anasoma maneno 100 kwa sauti. Makosa 5 au pungufu, anakiweza peke yake. Makosa 6 hadi 10, asome na mtu. Yakizidi, kitabu kisubiri. Kosa alilojirekebisha halihesabiwi, na jina la mtu linalomshinda huhesabiwa mara moja tu.

Lakini kipimo hicho hakitoshi kwa Kiswahili. Herufi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa, hivyo kijana anaweza kutamka ukurasa mzima sawasawa bila kuelewa kitu. Tunasikiliza kasi, hasa kama anavunja maneno silabi moja moja, kisha tunafunika ukurasa na kumwomba asimulie. Akisimulia vizuri huku akisoma polepole, kitabu ni chake, apewe muda tu.

Saa 7:30 mchana. Vitabu vya sauti. Kijana asikilize huku macho yakifuata maandishi, kwa kasi anayoweza kuifuata. Akisikiliza tu, anapata hadithi na msamiati, lakini hafanyi mazoezi ya kutambua maneno.

Saa 9:00 alasiri. Vitabu vinarudi. Kilichoachwa ukurasa wa 10 hakina adhabu. Tunauliza alipoachia, na mara nyingi ni pale wahusika walipoongezeka haraka, wenye majina yanayofanana, au hadithi iliporuka nyuma miaka mingi bila onyo. Sababu hiyo tunaiandika kwenye kadi yake ili uchaguzi ujao uepuke kasoro hiyohiyo.

Kwa aliyemaliza kitabu cha mfululizo, cha pili kimeshawekwa kando kwa jina lake. Wahusika na mahali anavijua tayari, kwa hiyo kurasa za mwanzo hazitamshinda. Anakichukua leo leo, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia.