Siku Moja Maishani Mwangu: Neno Moja la Kiingereza mjini Phnom Penh

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimekwisha kufika kwa mama lishe wa mtaani kwetu, ambaye huniuzia wali kwa nyama ya nguruwe ya kuchoma, kifungua kinywa wanachokipenda Wakambodia wengi.

Saa mbili naingia darasani kufundisha Kiingereza. Neno la leo ni “rice”, na kabla ya kulitafsiri kwa Kikhmer, lugha ya Kambodia, ni lazima kujua linazungumziwa likiwa katika hali gani, kwa kuwa likiwa bado shambani au halijakobolewa ni srov (ស្រូވ), likikobolewa ni angkar (អង្ករ), na likipikwa likaiva ni bai (បាយ). Mimi niliyekulia Kyela sihitaji michoro kulielewa hilo: mpunga, mchele, wali. Wanaotatizika ni wanafunzi, ambao wanaiona lugha ya Waingereza kuwa na uchoyo wa maneno. “Neak kru,” aliniuliza mmoja wao, akitumia neno la heshima kwa mwalimu wa kike, “anayevuna, anayeuza gunia na anayepakua sahani wote wanasema hivyo hivyo?” Nilimjibu kwamba wanalo pia “paddy”, walilolipata kutoka Kimalay, lakini wali hubaki kuitwa kwa jina lile lile la mchele.

Saa sita mchana walimu wenzangu huulizana, “Nyam bai haey reu nov?”, yaani umekwisha kula wali, hata kwa aliyekula tambi, maana bai ni chakula kwa jumla, na jiko lenyewe huitwa phteah bai, nyumba ya wali.

Saa nane naandaa faharasa ya wanafunzi, kazi ya kuchosha macho, kwani Kikhmer hakiachi nafasi kati ya neno na neno. Tahajia naihakiki katika kamusi ya mtawa Chuon Nath, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1938. Leo nimekawia kwenye bai kdang, ambao ni ukoko wetu kabisa, ule wa kugombewa na watoto. Kwa Kiingereza nimelazimika kuandika maelezo ya mstari mzima.

Saa kumi na moja nafunga kompyuta. Kesho ni zamu ya “eat”, ambalo kwa mtawa ni chhan, kwa mfalme ni saoy na kwa mnyama ni si, kwa hiyo nimeliombea vipindi viwili.