Nilivyoandika sifuri

Shina la kwanza nililivuta kama tunavyong'oa muhogo kwetu Muheza: mikono miwili, kuinama, kwenda juu kwa nguvu moja. Likatoka na mihogo minne myembamba kama kidole gumba. Nikaigeuzageuza, nikajaza fomu: wadudu, 0.

Tulikuwa kusini mwa Kamerun, shamba limepakana na msitu. Majani ya chini yalikuwa yamepukutika na ncha zimenyauka. Hayakuwa na mabaka, basi si ugonjwa wa batobato. Udongo ulikuwa na unyevu, basi si ukame.

Mama mwenye shamba hakunisemesha. Alichukua panga, akakata mduara kama nusu mita kutoka kwenye shina la pili, akaulegeza udongo kwa chini, akainua bonge zima na kulilaza juu ya jani la mgomba. Kisha akalivunja kwa vidole, polepole.

Walikuwamo. Wekundu wa kahawia, mviringo na bapa kama dengu ndogo, wamebanana kwenye vimizizi vya kunyonyea maji. Wachache tu walikuwa juu ya muhogo wenyewe. Katikati yao sisimizi wembamba walikimbia huku na huko.

Mdudu huyu ni Stictococcus vayssierei, wa familia yenye aina chache ya wadudu gamba, inayopatikana Afrika tu. Jamaa zake wengine hukaa juu ya miti. Stictococcus sjostedti, kwa mfano, hunyonya mkakao. Huyu anaishi ardhini. Anafyonza utomvu, anatoa majimaji matamu, na sisimizi Anoplolepis tenella anayanywa na kumtunza. (Ndugu wa sisimizi huyo, Anoplolepis custodiens, tunamjua kwenye minazi ya Zanzibar: anawafukuza majimoto, sisimizi wanaowinda kunguni wa nazi, na kunguni anabaki anatamba.)

Muhogo haukondi kwa sababu umeliwa. Vimizizi vikinyonywa, mmea unakosa maji na chakula, unaangusha majani, na hakuna cha kujaza mihogo. Ukishambuliwa ungali mchanga unaweza kufa kabisa. Na kosa langu lilikuwa hapo hapo: ukivuta shina, mihogo inakuja, vimizizi vinakatika na kubaki chini pamoja na wadudu wote.

Nikaomba panga, nikarudi kwenye shimo la kwanza. Nilihesabu hadi 83, nikaikata ile sifuri.