Kutoka Bangoka hadi Goma, nikihesabu mita

Uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, nchini Kongo, uko katikati ya msitu, kilomita 17 hivi kutoka mjini, na njia yake ya kurukia ina mita 3,500. Ndege ikianza kukimbia pale, mtu anaweza kusali Baba Yetu akaimaliza na lami bado ipo mbele. Nilipanda hapo asubuhi moja ya Agosti 2022 kwenda kumwona shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayekaa Birere, mtaa wa Goma. Goma ndiko nilikozaliwa. Niliondoka kijana, juu ya lori, na tangu siku hiyo nilikuwa narudi kwa barabara na kwa boti tu. Kwa ndege ilikuwa mara ya kwanza, nikaomba kiti cha dirishani.

Kwa muda mrefu chini kulikuwa na msitu tu. Kisha ikatokea milima ya Masisi, kijani kibichi, ng'ombe kama punje za mchele zilizomwagika. Baadaye Ziwa Kivu. Ndege ikazunguka juu ya maji, ikarudi ikielekea kaskazini, na volkano ya Nyiragongo ikawa mbele yetu na wingu kichwani. Tukapita juu ya mji chini sana, hadi nikaona kitenge chekundu kimeanikwa kwenye kamba, na mtoto amesimama kando yake akitutazama. Matairi yakagusa, breki zikashikwa kwa nguvu, mkanda ukanibana tumbo.

"Hapa rubani hachezi, baba," akaniambia mama mmoja wa biashara aliyekaa karibu nami. "Pisti, njia ya kurukia, ya Goma si ya Bangoka."

Nilijua kwa nini. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka tisa. Tulikimbia kwa miguu hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mimi nimebeba sufuria, na nyuma yetu mlima ulikuwa unashuka mjini. Lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na njiani ikapanda juu ya uwanja wa ndege. Njia ya kurukia ilikuwa na mita 3,000. Karibu theluthi moja, upande wa kaskazini, ilifunikwa na jiwe jeusi. Tuliporudi, watoto wa mtaa wetu tulikwenda kuangalia. Tulikuta lami inakwenda vizuri, inakwenda, halafu ghafla ukuta wa mawe, bado una joto. Baadaye mabaki ya ndege kuukuu yalikaa miaka juu ya mawe hayo, na wadogo zetu wakayageuza uwanja wa michezo.

Watu wa nje wakisikia hivyo husema, basi, mita 2,000 si zinatosha? Zingetosha ufukweni mwa bahari. Goma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi. Bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili liinue ndege, injini nayo inapumua hewa haba, kwa hiyo ndege ileile iliyoruka kwa urahisi Kisangani inadai lami ndefu zaidi hapa. Upande mmoja kuna volkano, upande wa pili kuna watu. Ni kosa gani rubani anaruhusiwa kulifanya katika nafasi hiyo?

Kazi imefanyika, na lazima niseme hivyo. Ujerumani ilisaidia kutengeneza lami upya, na mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja huu. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilitazama upande wa kaskazini: mashine zilikuwa zimeuma jiwe la lava, na pale lilipovunjwa ndani lilikuwa la kijivu, lina matundu kama mkate. Nilisimama kidogo hadi askari akaniambia nisonge. Ndani ya jengo la abiria mambo yalikwenda haraka: kadi ya njano ya chanjo, kitambulisho, maswali mawili, mizigo ikaletwa kwa mkokoteni, nikatoka.

Motari, dereva wa pikipiki, alinifikisha Birere kwa dakika chache. Hapo ndipo penye shida. Uwanja na mtaa vinapakana kiasi kwamba hujui ni kipi kilimkuta mwenzake.

Shangazi alinipikia sombe na samaki, akaweka chai mezani. Tulikuwa tunazungumza habari za marehemu baba. Mara vikombe vikaanza kutetemeka juu ya visahani, kwanza taratibu, kisha kwa sauti. Akanyamaza katikati ya neno. Hakutazama dirishani. Alitazama kikombe chake. Mngurumo ukapita juu ya bati, ukaelekea ziwani, ukafifia. Vikombe vilipotulia akaendelea na sentensi palepale alipoiachia, kana kwamba hakuna kitu.

Nilimuuliza kama ni hivyo kila siku.

"Kila ndege, mtoto wa kaka. Nasubiri ipite kwanza. Ikishapita, ndio najua tutaendelea."

Tarehe 15 Aprili 2008 alikuwa sokoni. Ndege aina ya DC-9 iliyokuwa inakwenda Kisangani, njia yangu mimi, ilishindwa kuruka. Rubani alijaribu kuisimamisha, lami ikaisha, ikaingia katikati ya nyumba na maduka ikawaka moto. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa na tiketi ya kwenda popote; walikuwa wanauza, wananunua, wanapika. Shangazi alimpoteza mama aliyekuwa akimkopesha unga. Halafu tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya kwenda Beni iliruka, ikaanguka dakika hiyohiyo mtaani Mapendo. Hakupona hata mmoja aliyekuwemo, na watu waliokuwa majumbani mwao chini pia walikufa.

Mimi naamini njia ya ndege haiishii pale lami inapoishia. Inahitaji ardhi tupu mbele yake, ya kupokea ndege iliyoshindwa. Goma ardhi hiyo imejaa watu, nao hawakuja kwa ukaidi: wamefukuzwa na vita vijijini, wamefukuzwa na lava mitaani, wakajenga palipobaki. Kuwahamisha bila kuwapa mahali ni kuwafukuza mara ya tatu. Lakini kuwaacha pale na kusema uwanja umetengenezwa, hiyo nayo siikubali.

Hata mlima haujamaliza neno lake. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaja upande uleule wa uwanja. Safari hii ilisimama kabla ya kuufikia.

Baada ya siku nane nikarudi uwanjani. Nilikuwa na jibini nne za Masisi, za mviringo, nimezifunga kwa gazeti na kitambaa, maana ukitoka Goma bila jibini Kisangani hawakuelewi. Kwenye mizani kijana wa kampuni akaandika kilo, akatazama orodha yake, akaniambia mfuko wangu utabaki, utakuja na ndege nyingine. Mkono wangu ukakataa kuachia kamba. Abiria watano nyuma yangu waliambiwa hivyohivyo, mmoja akaanza kupiga kelele. Kijana hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Leo jua ni kali, papa. Uzito huu hauinuki."

Nikaachia. Hewa ikipata joto inazidi kuwa nyepesi, na kilo alizoziondoa zilikuwa mita alizomwongezea rubani. Tuliporuka nilitafuta bati la shangazi katikati ya mabati yote yale, sikulipata. Nilijua tu kwamba wakati huo amenyamaza, anatazama kikombe. Mfuko ulifika Bangoka siku ya tatu, jibini moja imechubuka, harufu yake imejaa ghala zima.

Januari 2025 vita iliingia mjini Goma na uwanja ukafungwa. Niliongea na shangazi kwa simu mwezi wa Machi. Nilidhani ataniambia amepumzika. Aliniambia dawa zake za presha, ambazo binamu yangu alikuwa akizituma kwa ndege kutoka Kinshasa, sasa zinapitia nchi za jirani na zinachelewa wiki mbili, tatu. Vikombe, alisema, havijatikisika tangu Januari.

"Nikae nao mpaka lini huu ukimya?" akaniuliza.