Kabla hujakaa kiti cha mkufunzi wa udereva jeshini

Unayejiandaa kuwa mkufunzi na mtahini wa udereva katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, anza na AR 600-55, kanuni ya jeshi kuhusu mafunzo na leseni za madereva, na DA 348, fomu ya kumbukumbu za sifa za dereva. Makaratasi yanachosha, najua.

Utamu uko kwenye breki za upepo. Wekea tairi vigingi, jaza upepo, zima injini, washa swichi, achia breki ya maegesho, kanyaga pedeli hadi mwisho na uishikilie dakika 1. Lori peke yake lisipoteze zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo); lenye tela moja, 4. Wanafunzi wengi huanza kusoma geji mshale ukiwa bado unashuka kwa kule kukanyaga, wakadhani ni uvujaji. Subiri mshale utulie kwanza. Kisha kanyaga-achia, kanyaga-achia: onyo la upepo kupungua lije kabla ya kushuka chini ya psi 55, na kitufe cha breki ya maegesho kiruke chenyewe kati ya psi 45 na 20.

Kurudi nyuma? Muongozaji, yule anayekuelekeza akiwa chini, akipotea kwenye kioo, lori lisimame papo hapo.

Siku ya mtihani, funga mdomo. Ukimkumbusha mtahiniwa aangalie kioo, umeendesha wewe.