Shemeji yangu, beta bloka na siku mbili za kusubiri

Shemeji yangu alipiga simu saa nne asubuhi, mimi nimelala wodini na mashine inalia kichwani, na hakuuliza hali. Aliuliza mapigo. Mke wangu akainua macho kwenye kioo cha mashine akamsomea: 112.

"112! Beta bloka wamempa?"

Hawajampa dawa hiyo ya kupunguza kasi ya moyo.

"Wanasubiri nini? Mwambie daktari ampe sasa hivi!"

Shemeji ni tabibu mstaafu. Amefanya kazi vituo vya afya vya bara zaidi ya miaka thelathini, na ukoo mzima hauendi hospitali bila kumpigia kwanza. Kwa hiyo mke wangu alipokwenda kumtafuta daktari, hakwenda kuuliza. Alikwenda kudai.

Niwarudishe nyuma kidogo. Ilikuwa Jumapili ya Februari 2022, Tanga. Kifua kilinibana saa tisa usiku, nikajua ni vidonda vya tumbo vimeamka, nikatafuna vidonge vya magnesiamu na kukaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Saa zile nilizichezea mwenyewe, simlaumu mtu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimechora moyo ubaoni miaka 26, na mishipa yake midogo kwa chaki nyekundu, lakini mshipa wa moyo wangu ulipoziba sikuutambua. Mke wangu aliitambua fulana: ilikuwa imelowa jasho kiasi cha kukamuliwa. Akaita bajaji.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa juzijuzi. Ameshika karatasi ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo, mkono mmoja, akasema "Shikamoo mwalimu", na kabla sijamaliza marahaba alishaniwekea kinywani aspirini nne ndogo nitafune. Chungu, unga mtupu. Ikafuata dripu yenye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Presha yangu ilikuwa 94 kwa 60. Beta bloka hakuitaja kabisa, hadi mke wangu alipomfuata na simu mkononi.

Hakukasirika. Alimleta hadi kitandani, akaniinamisha mbele, akamvalisha mke wangu vile vyombo vya masikioni na kukibandika kile kisahani kwenye mbavu zangu za chini, mgongoni.

"Unasikia nini, mama?"

Mke wangu akasikiliza. "Kama nywele mtu anazisugua karibu na sikio."

"Hayo ni maji kwenye mapafu. Moyo umeumia, hausukumi sawasawa. Kila pigo linatoa damu kidogo, ndiyo maana unapiga mara nyingi, ufidie. Mimi nikiuzuia kukimbia saa hii, presha yake itaanguka na huenda nisiweze kuiinua."

Mke wangu alirudisha simu sikioni. "Kaka, amesema bado." Akakata. Kwa anayewajua hao ndugu wawili, lile lilikuwa tukio kubwa kuliko ugonjwa wangu.

Darasani huwa nasema hivi: ukikutana na simba, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia. Beta bloka inakwenda kukaa kwenye vile vipokezi ambavyo adrenalini ingekaa, kama mtu aliyewahi kiti kwenye daladala. Moyo unatulia, unatumia oksijeni kidogo. Mskoti James Black ndiye aliyezileta dawa hizi miaka ya 1960, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Hesabu yake ni nzuri: mshipa umeziba, damu ni chache, basi punguza kazi. Tatizo, simba wangu alikuwa bado yumo chumbani. Adrenalini ile ndiyo iliyokuwa imenishikilia.

Siku ya kwanza nilikojoa maji ya mapafuni kwa sindano ya kukojosha. Siku ya pili presha ilipanda hadi 108, mapigo 96, na daktari akasikiliza mgongo, akatikisa kichwa: bado. Siku ya tatu asubuhi akasikiliza upande huu na huu, akaniambia nivute pumzi tena, akasikiliza upya. Pakavu. Presha 118. Chai ya saa mbili ililetwa pamoja na kidonge kidogo cheupe, beta bloka yenyewe, kavedilolo ya miligramu 3.125, asubuhi na jioni, tena baada ya kula. Sista alinipima presha saa moja baadaye, na tena saa mbili baadaye. Haikuanguka.

Baadaye shemeji alipokuja Tanga tulibishana hadi tukakaa chini kusoma. Na kumbe hakuwa mjinga. Yeye alifundishwa wakati habari ya mjini ilikuwa utafiti wa ISIS-1 wa mwaka 1986: wagonjwa zaidi ya 16,000, nusu yao wakipewa beta bloka ya atenololi kwa mshipa mapema, na vifo vya wiki ya kwanza vikashuka kutoka 4.6 hadi 3.9 kwa kila 100. Ila enzi hizo dawa za kuyeyusha damu zilikuwa hazijaenea. Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa Uchina, COMMIT, wagonjwa karibu 46,000, nusu yao wakipewa beta bloka nyingine, metoprololi, kwa mshipa ndani ya siku ya kwanza. Kwa kila wagonjwa 1,000, watano waliepuka mshtuko mwingine wa moyo, watano waliepuka moyo kutetemeka ovyo, halafu 11 zaidi wakaporomoka presha kwa moyo kushindwa kusukuma. Vifo vikawa vilevile. Walioumia zaidi ni wale waliofika na presha ya chini, mapigo ya mbio na maji mapafuni. Nilikuwa na vyote vitatu. Shemeji aliisoma ile sehemu kimya, akavua miwani, akaifuta, akaomba chai.

Wiki iliyofuata nilipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikawekewa stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kila pigo linasukuma asilimia 38 ya damu iliyojaa moyoni. Kwa moyo wa namna hiyo beta bloka haina mjadala, niliambiwa, ila inapandishwa polepole. Nikapanda 6.25, kisha 12.5. Hapo nikaanza kuona kizunguzungu nikiinuka kwenye mkeka, mapigo 52, tukakubaliana nibaki hapohapo.

Nina daftari la mistari ya mraba, la hesabu. Kila asubuhi kabla ya kidonge nashika kifundo cha mkono, natazama saa ya ukutani dakika nzima, naandika. Chini ya 50, simezi, napiga simu kliniki. Imetokea mara moja. Vidole vyangu huwa baridi hata Tanga hii ya joto, chaki inaniponyoka. Wiki za mwanzo nilikuwa naota ndoto ndefu za ajabu. Na mambo ya chumbani yalilala. Hilo nilikaa nalo miezi mitatu kwa aibu, nilipolisema daktari akaandika kwenye faili kama vile nimesema nina mafua, akapanga upya saa za dawa zangu nyingine. Wanaume wenzangu, semeni.

Kosa langu kubwa lilikuwa Lushoto. Tulikwenda msibani nikasahau mfuko wa dawa, nikasema siku tatu zitapita. Siku ya tatu, nimekaa tu kwenye jamvi, mapigo yakafika 108 na kifua kikaanza kubana. Mwili ukizuiwa vipokezi muda mrefu unaongeza vingine, kwa hiyo ukiondoa dawa ghafla adrenalini inakuta viti vipya vitupu. Nimelifundisha hilo, na bado. Tulishuka mlima usiku ule. Sasa vidonge kumi vya akiba vinakaa kwenye boksi la chaki ndani ya begi la safari, na mke wangu ndiye anayelikagua.

Halafu mwaka 2024 shemeji akapiga tena, sauti ileile. "Shemeji, acha ile dawa! Waswidi wamegundua haina kazi!" Alikuwa amesoma REDUCE-AMI: wagonjwa 5,020 wa Uswidi, Estonia na New Zealand, waliopewa beta bloka baada ya mshtuko hawakupishana kwa maana na wasiopewa. Nilimpelekea daktari wa kliniki, mama mmoja mpole, karatasi yote. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: wote wale mioyo yao ilikuwa inasukuma asilimia 50 au zaidi. "Yako ilikuwa 38, mwalimu. Ya mwisho ni 46. Endelea."

Mara ya kwanza shemeji alitaka nipewe wakati sistahili, mara ya pili niache wakati nahitaji, na mara zote mbili utafiti alikuwa nao mkononi.

Eko nyingine ninayo mwezi ujao. Ikivuka 50, daktari amesema tutakaa tuzungumze upya. Shemeji amepata habari, anataka kunisindikiza. Nimemkubalia, kwa sharti abaki kwenye benchi la nje.