Mmea unamjua anayeupanda

Wifi alisema hivyo akiwa amesimama juu ya tuta langu la nyanya, kanga kiunoni, na hadi leo maneno yale nayasikia nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, nikiwa ndani ya bajaji kwenda Kihesa. "Wifi, mmea unamjua anayeupanda. Mkono wako mzito." Nikajibu, "Haya wifi." Basi. Akainama, akachuma majani ya maboga, tukaingia ndani kunywa chai.

Hakusema kwa ubaya. Huyu ndiye aliyekesha nami hospitali mwanangu Joseph alipozaliwa. Na ni mtu wa Ilula, hapa mkoani Iringa, ambako nyanya ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Matenga yamepangwa kando ya barabara kuu, msafiri hana haja ya kuuliza amefika wapi. Ndiyo maana limeniingia. Angesema jirani ningekuwa nimesahau kabla ya jioni.

  

Miche ilikuwa mizuri. Ilikuwa imeshaanza kutoa maua. Halafu mchana mmoja mche wa katikati ukalegea majani ya juu. Jioni ukainuka. Kesho yake jua lilipopanda ukalegea tena, na mara hiyo haukuinuka. Majani yalikuwa bado ya kijani, nalo ndilo lililonisumbua: mmea unakufa na rangi yake. Udongo ulikuwa umelowa, mvua zenyewe mnazijua zilivyo, kwa hiyo kiu haikuwapo. Ukafuata mche wa chini yake, kisha wa chini ya huo, kwa njia ileile maji yanayotiririka kwenye tuta.

Mkono ulioipanda miche yote ni mmoja. Kama shida ni mkono, mbona ugonjwa unafuata maji? Hilo ndilo swali ambalo lingenitoka pale pale badala ya "haya wifi". Nimeshamuuliza mara nyingi kichwani, na kila mara anakaa kimya, anakunywa chai yake.

Kwenye duka la pembejeo kijana alishashika pakiti ya dawa ya ukungu kabla sijamaliza kueleza. Sikuinunua. Upo mnyauko unaoletwa na ukungu, fuzari ndio unaojulikana zaidi, lakini huo huanza kwa majani ya chini kugeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na mmea hufa taratibu. Tena pakiti ya mbegu zangu ina herufi V na F, maana yake mbegu zina ukinzani dhidi ya vetisilia na fuzari, yote minyauko ya ukungu. Mnyauko wa bakteria, ambao ndio niliokuwa nauhisi, haumo kwenye herufi hizo, na dawa ya kupuliza hauna.

Jumamosi nikang'oa mche uliokuwa ndio kwanza umelegea. Mizizi haikuwa na vinundu, nikawaondoa minyoo fundo kwenye hesabu. Nikakata shina karibu na udongo. Ndani, zinapopita njia za maji, palishageuka kahawia. Nikachukua kipande kifupi cha shina, nikakining'iniza kwa uzi kwenye glasi safi ya maji, ncha iliyokatwa ikizama kidogo tu. Joseph akaweka kidevu mezani. Hazikupita dakika nyingi, nyuzi nyeupe zikaanza kutoka kwenye shina na kushuka, taratibu, kama moshi wa ubani uliopotea njia ukaelekea chini.

"Mama, ndiyo wadudu wenyewe hao?"

"Ndiyo wenyewe, baba. Wamejazana humo mpaka maji hayapandi."

Jina la kitaalamu la bakteria huyu ni Ralstonia solanacearum, na kweli nilifurahi kumwona. Nikapiga picha. Nikamwandikia wifi: "Si mkono wangu." Kidole kikiwa tayari kutuma, nikaanza kujiuliza huyu kiumbe kaingiaje kwangu.

Tuta lile mwaka jana lilikuwa na viazi mviringo. Mbegu alinipa wifi, debe zima, alizibeba kutoka Njombe. Na kiazi kinaweza kumficha bakteria huyu bila dalili yoyote, hasa kilicholimwa kwenye baridi. Kwa nje ni kizima kabisa. Siwezi kuapa kwamba aliingia kwa njia hiyo. Anaishi udongoni kwa miaka, anatembea na maji, na jembe, na buti zenye tope. Lakini wifi alipanda mbegu hizohizo kwake, na pale pale mwaka huu anaandaa nyanya.

Nikafuta ujumbe.

Jumapili nitakwenda Ilula mwenyewe. Hili si la simu. Nitamwomba pale asipande nyanya, viazi, bilinganya, nyanya chungu wala hoho kwa miaka kadhaa, aweke mahindi, vitunguu au kabichi. Mche ukilegea aung'oe na udongo wake, auchome au aufukie mbali, asiutupe kwenye mboji, na jembe alisafishe kwa jiki kabla ya kugusa tuta jingine. Kitalu akihamishie kwenye udongo ambao ukoo wa nyanya na wenzake haujapita. Na mnafu unaojiotea pale aung'oe, maana nao ni wa ukoo huohuo na bakteria hujihifadhi humo. Hapo kwenye mnafu ndipo tutakapobishana, namjua.

Mimi nitapanda kwenye viroba karibu na mlango wa jiko, juu kidogo, maji ya lile tuta yasifike.

Habari ya mkono mzito sijaamua kama nitaigusa. Natamani aiondoe yeye, bila kuombwa.